Pazia la Kombo na Sheria Niliyoitunga Mwenyewe

Ndugu zangu mliobaki kambini, na ninyi mtakaofika baada yangu mkalalia vitanda vyetu: mimi nimestaafu. Najua mtacheka, maana nimestaafu na meno yote mdomoni na arobaini bado sijaifikia. Lakini mtu aliyekuwa wakili, halafu mbunge, halafu hakimu, akisema amestaafu aachwe aseme. Kwamba kazi zote hizo nilizifanya nikiwa nimevaa sare ya mlinzi wa geti, na kwamba bunge na mahakama yangu vilikuwa chumba kimoja cha watu wanane huko Industrial Area ya Doha, hilo ni jambo dogo. Sasa niko kwetu Korogwe, nina meza, nina kalamu, na mama ananipitia na chai kila saa kana kwamba naandika katiba.

Nilipofika Doha, miaka ile mji bado unaota majengo kama meno ya mtoto, siku ya kwanza sikuuona mji. Niliona kisogo cha dereva. Dereva huyo aliitwa Kilonzo, Mkamba wa Machakos, ndiye aliyeendesha basi la kampuni kutoka kambini mpaka kwenye malindo. Alitupokea uwanja wa ndege, akatushusha na masanduku yetu mbele ya bloku ya kambi, akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ni wa Tanzania?"

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Asubuhi nitapiga honi mara mbili. Ya kwanza ni ya kukuita. Ya pili ni ya kukuaga."

Hakuwa anatania. Siku ya tatu honi ya pili iliniaga nikiwa na mguu mmoja ndani ya suruali.

Lindo langu lilikuwa kompaundi ya walimu wa kigeni, njia ya kuelekea Wakrah. Vifaa vya kazi walinipa tochi, redio ya mkononi na kile kioo chenye mpini mrefu cha kutazamia chini ya gari. Nawaambia ukweli, kwa kioo kile sikuwahi kuona bomu hata siku moja. Niliona paka wengi. Lakini kishikeni vizuri na mkipitishe taratibu, kwa sababu mwenye gari anakuheshimu kwa jinsi unavyoinama, na mlinzi asiyeheshimiwa getini atafungua baria mpaka kwa upepo.

Kwenye kompaundi hiyo aliishi mwalimu mmoja Mmarekani, mtu mzima mwenye mvi, tuliyemwita Mister Wili. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali alitembea kuzunguka ukuta, akimaliza anasimama getini kupumua na kupiga soga. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe sikukimaliza. Yeye alizungumza polepole, na nilipokwama alichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha dirisha la kibanda. Ndivyo nilivyojua habari za babu wa babu yake.

Babu huyo alikuwa mtoto wa mkulima, chuo hakukijua. Zamani hizo kwao, mtu aliyetaka uwakili alikwenda kukaa kwa wakili mwingine, akamfagilia ofisi, akamnakilia karatasi, akaazima vitabu vyake, mpaka wenye sheria wakamuuliza maswali wakaridhika naye. Akapanda farasi akawa anamfuata hakimu mji kwa mji, kesi zinasikilizwa dukani, nyingine kwenye nyumba za kulala wageni, wengine wanakunywa, wengine wanahukumiwa. Baadaye watu wakamchagua akaenda kutunga sheria za jimbo lao. Alipozeeka wakamfanya hakimu. Na kesi ya kwanza iliyomfikia ilikuwa ya jirani yake mwenyewe, kavunja sheria ambayo mtunzi wake ni yeye huyo huyo babu.

"Akaamuaje?" nikauliza. Nilikuwa nimesahau hata kufungua geti, gari linapiga honi.

"Hapo ndipo hadithi ya kwetu inapokatika," akasema Mister Wili. "Wanasema aliondoka kwenye kiti, akaenda kusimama na farasi mpaka jioni. Alichoamua hakuna anayekumbuka."

Mimi ni mtu wa ndoto, mnanijua. Jioni ile niliporudi kambini nilikuwa tayari nimeshakuwa wakili. Kilichokosekana ni farasi tu, na mteja.

Mteja alipatikana upesi. Alikuwa Wasswa, kijana wa Masaka, Uganda, mrefu mpaka miguu inatokeza nje ya kitanda, mwenye kicheko kama pikipiki inayokataa kuwaka halafu ikawaka. Wasswa hakuweza kukaa kimya. Hata akipiga mswaki alikuwa anaongea. Supavaiza wetu, bwana mmoja mwembamba aliyependa sana kupiga picha, alimpiga picha akiwa kwenye kiti cha getini amefumba macho, na akasema huyu analala kazini, arudishwe kwao.

"Mimi silalanga kazini, ssebo," Wasswa aliniambia, machozi yako karibu. "Nilifumba macho tu. Jua linaingia mpaka kwenye akili."

Nikaenda kwa Kilonzo kuomba shauri, kwa sababu kambini Kilonzo ndiye aliyekuwa akisema na wakubwa kabla yetu sisi sote. Alikuwa anafuta vioo vya basi.

"Buda, ukienda kwa bosi usianze na 'hakufanya'," akasema. "Anza na 'twende ukaone'. Bosi hapendi kubishiwa. Lakini kutembezwa anapenda."

Basi nikamtembeza. Nilimwomba supavaiza kwa adabu zote aje lindo la Wasswa alasiri, saa ile ile ya picha, akae kwenye kiti kile kile, achunge geti kidogo tu. Akakaa. Jua lilikuwa linamwangalia usoni, na kila gari lililopita lilimrushia mwanga wa kioo chake. Hakufika mbali. Akafumba macho. Kilonzo, ambaye hakuna aliyemwita, akatoa simu yake akampiga picha.

Mimi nilishaanza kufikiria sanduku langu liko wapi. Supavaiza akaitazama ile picha yake mwenyewe muda mrefu, halafu akapasuka kwa kicheko. "Khalas," akasema, "khalas. Mpeni kofia, na hicho kiti kisogezeni kivulini." Huo ndio ushindi wangu wa kwanza mahakamani. Wasswa alinipikia wali kwa furaha, na wali wa Wasswa, waliouonja wanajua, nusu yake huwa bado ni mchele.

Tangu hapo wakaanza kuniita Mheshimiwa. Walianza kwa kunitania, lakini jina la utani likiitwa kila siku mwenye nalo anaanza kunyoosha mgongo. Nikawasemea watu wa bloku mbili kwa wakubwa. Vijana, nawaachia hili: kabla hujamsemea mtu, kula naye kwanza. Mtu akiwa na njaa atakuambia anachodai, na akishashiba ndipo atakuambia kilichotokea.

Kutoka uwakili nikaingia kwenye utunzi wa sheria, na kilichonipeleka huko ni taa. Chumba chetu kilikuwa na walinzi wa mchana na walinzi wa usiku. Huyu akitaka kuvaa, yule ndiyo kwanza anafumba macho. Taa inawashwa, inazimwa, inawashwa, mpaka siku moja watu wawili wazima walikuwa wameshikilia swichi moja kama wanavutana kamba. Nikasema tukutane Ijumaa alasiri, wa msikitini wakiwa wamerudi na wa kanisani wakiwa wamerudi, maana Doha hata kanisa ni Ijumaa. Tukaweka sufuria kubwa katikati ya sakafu, kila mtu na kijiko chake. Anayekubali sheria anatia kijiko ndani ya sufuria, anayekataa anabaki nacho mkononi. Faida ya utaratibu huu ni kwamba aliyekataa anajulikana, na baada ya hapo hawezi kujidai alisinzia.

Sheria ya taa ilipita. Sheria ya simu kutopigwa kwa spika ikapita. Sheria ya ng'onda ilitutoa jasho, kwa sababu ya Kombo.

Kombo alikuwa mtu wa Pemba, mfupi, mwenye macho ya kucheka kabla ya mdomo. Alikuwa mlinzi wa duka kubwa, na kazi yake nyingine ilikuwa kutuchekesha. Aliweza kuigiza kila mtu: supavaiza, Mister Wili ambaye hakuwahi hata kumwona, mimi nikisimama kusema "waheshimiwa". Alipenda ng'onda wake, wale samaki wakavu walioletwa kutoka kwao, akiwakaanga chumba kizima kinatafuta dirisha.

"Sheikh zangu," alisema siku ya mjadala, "mie niliwastahamilia nyie na omena wenu, nikawastahamilia na wali wa Wasswa. Leo samaki wangu ndo adui wa taifa?"

Tukakubaliana ng'onda akaangwe dirisha likiwa wazi. Kombo mwenyewe ndiye aliyetia kijiko wa mwisho, akakitia kwa kukipigisha ili tusikie.

Lakini sheria aliyoipigania kwa roho yote ilikuwa ya mapazia. Mnavijua vitanda vyetu vya dabo deka. Kila mtu huzungushia chake shuka au pazia, limefungwa kwa kamba za viatu, na humo ndani ndimo nyumbani kwake. Kulikuwa na jamaa mmoja, alishaondoka siku nyingi, aliyefungua pazia la mwenzake akampiga picha amelala kinywa wazi na nguo yenyewe ni ile ya kulalia wakati wa joto, akaisambaza kwenye simu za watu. Picha ikatembea mpaka ikafika kwa mkwe wa yule mtu. Hatukucheka muda mrefu.

Siku tulipolijadili, Kombo hakufanya mzaha hata kidogo. "Jamani, mie kwetu nna mlango wa mninga na komeo. Hapa mlango wangu ndo hichi kitambaa. Anokifungua kanivunjia nyumba."

Nikatunga maneno nikayasoma kwa sauti: pazia ni mlango, hakuna wa kulifungua ila mwenyewe, na atakayelifungua la mwenzake ahame chumba. Kuhama maana yake ilikuwa bloku ya nyuma, ambako basi lao lilikwenda lindo la mbali jangwani, na hapakuwa na mtu mmoja wa kusema naye Kiswahili. Vijiko vyote vikaingia. Na Ijumaa ile ile, kwa sababu ya honi za Kilonzo, tukapitisha nyingine: asitoke mtu kwenda kwenye basi kabla hajahakikisha jirani yake wa kitanda ameamka. Vijiko vyote tena. Nililala nimeridhika kama nimejenga daraja.

Uhakimu ulinijia wenyewe. Watunga sheria tulikuwa wanane, lakini wakigombana walihitaji mtu wa kuwatazama wote wawili, na macho yakawa yanakuja kwangu. Kiti changu kilikuwa ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Nilijiwekea kanuni ya kutokula mpaka nimetoa hukumu, na ndiyo sababu mahakama yangu haikuwa na kesi za kulala mpaka kesho yake, isipokuwa moja. Watu wawili waliwahi kugombania kitanda cha chini kando ya kiyoyozi, mmoja mlinzi wa mchana na mwingine wa usiku. Nikawaambia wakitumie wote, kila mtu kwa zamu yake. Baada ya wiki kilikuwa kitupu. Kumbe hakuna aliyekitaka, kila mmoja hakutaka tu mwenzake akipate.

Sasa niwasimulie kesi ambayo kwayo nataka mnikumbuke.

Ilikuwa Jumatatu. Honi ya kwanza ya Kilonzo imelia, watu wanasukumana kutafuta viatu. Ndani ya pazia la Kombo simu ilikuwa inalia kengele ya kuamsha, inalia, haizimwi. Wasswa ndiye aliyelala kitanda cha juu yake, kwa hiyo kwa sheria yetu Kombo alikuwa mtu wake. Akamwita. Kimya. Akamwita tena. Honi ya pili ikaanza. Wasswa akashika pazia akalivuta.

Kombo alikuwa macho. Alikuwa amekaa, magoti kifuani, amejifunika kanga ya kike kuanzia kichwani mpaka chini, uso tu ndio unaonekana.

Na Wasswa akacheka. Mlijue hilo vizuri, maana ndipo penye uzito. Alimwona Kombo kwenye kanga, Kombo yule anayetuigizia watu kila siku, akadhani ni mchezo mpya umeandaliwa kwa ajili yetu. Pikipiki ikawaka. "Njooni muone! Kombo amekuwa bibi harusi!" Wengine wakachungulia, wakacheka mpaka ndani ya basi. Kombo hakupanda basi siku ile.

Tuliporudi jioni alikuwa amekaa karibu na ndoo yangu ya rangi, amenyoa ndevu, amevaa shati safi kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Hakimu," akasema. Hakuniita sheikh wangu. "Nataka sheria."

Nikakaa kwenye ndoo. Watu wakapanda vitandani mwao kusikiliza, miguu inaning'inia. Nikamwuliza Kombo malalamiko yake.

"Kafungua pazia langu. Watu wote washahidi. Sheria inasema ahame. Ahame."

"Wasswa?"

"Nililifungua, ndiyo. Lakini sheria ingine inasema nimuamshe! Ningemuacha, mngesema nimemuacha. Mimi nifanye nini, ssebo? Nikate nusu?"

Mtu mmoja huko juu akaguna kucheka, akanyamaza mwenyewe. Wasswa akanitazama kwa yale macho ya siku ya picha. "Mheshimiwa, kule bloku ya nyuma mimi nitaongea na nani?"

Hapo ndugu zangu niliona nilivyojifunga mwenyewe. Sheria hii nimeitunga mimi. Na ile nyingine nimeitunga mimi. Huyu alikuwa mteja wangu wa kwanza, na yule ndiye aliyeniomba sheria kwa roho yake yote. Na tena kulikuwa na jambo halijakaa sawa: Kombo, mtu ambaye angeweza kuigiza shauri lote hili tukavunjika mbavu, alikuwa anaangalia sakafu. Nikasema hukumu kesho, nikatoka nje.

Farasi sikuwa naye, kwa hiyo nilikwenda kusimama kati ya mabasi. Kilonzo alikuwa hapo na ndoo yake na dasta. Nikamweleza kila kitu. Akaendelea kusugua.

"Kwani hiyo pazia yenu ni mlango?"

"Sheria inasema ni mlango."

"Na mtu akitaka kuingia?"

"Haingii."

"Na akiwa na neno la haraka?"

"Haingii, mzee."

Kilonzo akakamua dasta. "Basi hiyo si mlango, buda. Hiyo ni ukuta."

Nilirudi ndani karibu nakimbia. Wenzangu walikuwa jikoni. Pazia la Kombo lilikuwa limefungwa mpaka chini. Nikagonga chuma cha kitanda kwa kidole, mara tatu, nikasema, "Hodi."

"Wataka nini, hakimu?"

"Nataka kuuliza. Ile kanga ni ya nani?"

"Ya mama."

"Mama hajambo?"

Ninyi nyote mnajua jinsi tunavyosalimiana. Hata nyumba ikiwa inaungua, mtu akiulizwa mama hajambo, jibu linatoka lenyewe. Lake halikutoka. Nikasubiri. Nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayebeba gunia.

"Ijumaa," akasema baadaye. "Walinipigia Ijumaa."

"Kombo! Mbona hukutuambia?"

"Nikwambieni mninyamazie? Chumba kizima kitembee kwa vidole kwa ajili yangu? Mie siwezi kukaa chumba kinyamavu, sheikh wangu. Nilikuwa natafuta siku ya kusema. Na sasa washacheka. Usiwambie. Amua kesi kwa pazia tu, basi."

Nilimpa pole kwa maneno ninayoyajua, ambayo ni machache. Siri nikaishika, kwa sababu ilikuwa yake.

Jumanne jioni nikakaa kwenye ndoo, njaa inaniuma, nikatoa hukumu. Nilisema hivi: pazia ni mlango, na kosa la Wasswa si kwamba alitaka kuamsha mtu. Ameingia bila hodi. Kwa hiyo amekosa, na adhabu iko palepale. Ila kabla hajahama atafanya kile ambacho hakukifanya. Kila jioni atasimama nje ya pazia la Kombo na kupiga hodi. Kombo akijibu karibu, kesi imekwisha. Ijumaa ikifika bila jibu, Wasswa abebe godoro lake aende bloku ya nyuma, na mimi nitamsaidia kulibeba.

"Kwetu tunasema koodi," Wasswa akanong'ona.

"Sema yoyote. Ila simama nje."

Jumanne ile ile alisimama. "Koodi, Kombo." Hakuna jibu. Jumatano akarudi, akagonga chuma, akasema hodi kwa Kiswahili na koodi kwa Kiganda. Hakuna jibu. Jioni hizo mbili Wasswa hakuongea kabisa, hata akipiga mswaki, na niwaambie, chumba kilichonyamaziwa na Wasswa kinatisha kuliko mahakama yoyote. Godoro lake alikuwa ameshalikunja nusu.

Alhamisi alikuja na sahani ya wali aliopika mwenyewe. Akagonga. "Hodi." Akangoja. Halafu badala ya kuondoka akabaki amesimama.

"Kombo. Mimi nilicheka kwa sababu wewe unatuchekeshanga. Nilidhani ni siku ya kucheka. Sikuangalia macho yako. Kesho ukitaka nihame, nitahama. Lakini hii chakula kula. Tangu Jumatatu hujakula na sisi."

Pazia likatikisika.

"Wasswa," sauti ikasema kutoka ndani. "Mama yangu kafariki."

Sahani ilikuwa mkononi mwa Wasswa. Akaiweka chini taratibu, na yeye mwenyewe akakaa chini, sakafuni, kando ya kitanda, kama tunavyokaa msibani. Kisha nikaona miguu inashuka kutoka vitanda vya juu, mmoja baada ya mwingine, wa Kenya, wa Bara, wa Uganda, mpaka hapakuwa na mtu kitandani. Wote tukakaa sakafuni. Nami nikashuka kwenye ndoo yangu.

Kombo akafungua pazia kwa mkono wake mwenyewe. Kanga ilikuwa mabegani. Akatutazama tulivyobanana hapo chini, watu wazima saba na sahani moja.

"Karibuni," akasema. "Karibuni ndani."

Wa dini yake wakamsomea mama dua, na wa dini nyingine tukainamisha vichwa. Tulikaa naye muda mrefu, akatueleza habari za mama yake, jinsi alivyokuwa na ulimi mkali kuliko wa mwanawe, na kwamba watu wa mtaani waliogopa kumkopa chumvi kwa sababu ya maneno yatakayokuja nayo. Tukacheka, na hapo kicheko kilikuwa mahali pake. Mwisho Kombo akavuta ile sahani, akatia tonge mdomoni, akatafuna. Akatafuna tena. Akaacha kutafuna.

"Wasswa, sheikh wangu. Nisamehe nikuulize. Wali huu ungeusubiri siku ngapi ndo uive?"

Pikipiki ikawaka. Na Kombo mwenyewe akacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kwenye kanga ya mama yake.

Kesho yake, Ijumaa, tukaweka sufuria katikati. Nikasoma nyongeza ya sheria: pazia ni mlango, na mlango una hodi. Gonga chuma, taja neno, ngoja. Kabla vijiko havijaingia Kombo akainua mkono. "Na anopigiwa hodi naye ajibu. Hata kama ni 'ngoja'. Asituache tumesimama nje." Ilikuwa bora kuliko yangu, tukaiandika mbele. Vijiko vyote.

Nilipomsimulia Mister Wili getini, alisahau kuendelea na matembezi yake. Akafikiri, akasema kuanzia siku ile akiwasimulia wajukuu zake hadithi ya yule babu, atawaambia kwamba hivyo ndivyo alivyoamua. Kwa hiyo kama kuna familia huko Marekani inasifu hekima ya mzee wao wa farasi, mjue hukumu ile ilitoka Industrial Area.

Miaka iliyofuata sitaieleza sana. Kilonzo alirudi Machakos. Kombo alikwenda Pemba, bado ananitumia sauti za kuniigiza. Wasswa alihamia kazi ya hoteli huko mjini Najma akawa analala karibu na wenzake wa Kampala, na alikuja kunitembelea kila Ijumaa, kwa bahati mbaya akiwa amebeba chakula. Chumba kikajaa watu wapya, na mimi nikawa yule mtu wa zamani wa kitanda cha pembeni.

Asubuhi yangu ya mwisho nilikuwa nimelala ndani ya pazia, sanduku limefungwa, macho wazi. Nikasikia vidole vinagonga chuma.

"Hodi, kaka."

Alikuwa mmoja wa wageni, mtu wa Mwanza, hajamaliza hata mwezi. "Karibu," nikasema.

"Gari la uwanja wa ndege limefika. Samahani kwa kugonga, humu chumbani kuna sheria ya hodi. Ya zamani sana, hata sijui ilitoka wapi."

"Ni sheria nzuri," nikamwambia nikivaa viatu.

"Nzuri, ndiyo," akasema, anapuliza mkono wake. "Ila hiki chuma kinaumiza vidole."

Hilo, ndugu zangu, sikuwa nimelifikiria. Ninyi litazameni. Sufuria lipo, na vijiko nimeviacha vyote.